Habari Ilifika Kabla ya Maji

Wasee, hapa Sigor bahari tunaiona kwa simu, lakini Desemba tukipata doo tunashuka Mombasa. Kwa hivyo hii inatuhusu.

Tarehe 26 Desemba 2004, alfajiri ya huku kwetu, ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na Sumatra, Indonesia. Masaa kama saba baadaye tsunami ikapiga Hafun, Somalia, bila onyo. Somalia ilipoteza watu karibu 300.

Kenya mawimbi yalifika mchana, yakiwa madogo zaidi. Habari ilikuwa imetangulia, polisi wakaondoa watu ufukweni. Alikufa mtu mmoja.

Siku hizi Bahari ya Hindi ina mitambo ya tahadhari. Poa, lakini mtambo haumshiki mvuvi mkono. Ukiwa na beste Kilifi ama Lamu, muulize: onyo likitoka, nani atakuambia, na utakimbilia wapi?