Kezilahabi na maiti zake

Wadau, ukitaka kusoma vya kutisha utaelekezwa kwa Edgar Allan Poe, yule mshairi wa Marekani aliyefariki 1849. Sawa. Lakini sisi tunaye wetu, ila tulimsoma kwa ajili ya mtihani, ndiyo maana hatukushtuka.

Namzungumzia Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944. Hebu hesabuni pamoja nami. Rosa Mistika (1971): Rosa anajiua. Kichwamaji (1974): Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, anajiua. Dunia Uwanja wa Fujo (1975): Tumaini anaua mtu, naye anahukumiwa kifo. Riwaya tatu ndani ya miaka minne, na humo hamna jini wala popobawa!

Rosa Mistika kilipigwa marufuku mashuleni kwa sababu ya ngono, kisha baadaye kikafundishwa. Wakubwa waliyaona mapenzi, wakairuka maiti. Mimi kinachonitisha ni yule baba, Zakaria, anayemchapa binti yake kwa barua ya mvulana. Zakaria wa namna hiyo wapo wengi tu hapa Gerezani na Ilala.

Kazini huwa naandika habari za watu waliojiua. Mistari mitano: jina, umri, mtaa, kisha "chanzo hakijafahamika". Basi! Na akinusurika, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inasema ametenda kosa. Kezilahabi alichukua ule mstari wa mwisho akauandikia kitabu kizima. Kazimoto hafi kwa siku moja; anaanza kufa pale anapoona elimu yake haimsaidii kuishi na watu wa kwao. Mhitimu mwenzangu, kisome tena ukiwa huna mtihani. Nakala yangu niliipata kwa machinga Kariakoo, imepigiwa mistari na wanafunzi kila mahali, isipokuwa kurasa za kifo chake.

Kwenye ushairi alichokoza nyuki. Kichomi (1974) hakikujali vina wala mizani, wanamapokeo wakawaka. Jina lenyewe ni maumivu ya kifua! Kikafuata Karibu Ndani (1988), halafu Dhifa (2008).

Alifundisha Mlimani, kisha miaka mingi Botswana, akafariki hapa Dar Januari 2020, akiwa na miaka 75. Nagona na Mzingile sijazigusa. Hizo zinataka usiku wake.