Paipu za mafuta za Land Rover Series

Paipu za mafuta za Land Rover Series ni jumla ya paipu za chuma, mipira, klipu na viungo vinavyopeleka petroli au dizeli kutoka kwenye tangi hadi kwenye injini ya magari ya Land Rover ya zamani. Magari hayo yalitengenezwa nchini Uingereza kuanzia mwaka 1948 hadi 1985. Mtu anayekarabati gari la aina hiyo kwa kawaida hulazimika kubadilisha paipu zote, kwa sababu chuma chake kimeshaliwa na kutu na mipira yake imekauka na kupasuka. Uchaguzi mbaya wa paipu au mpira unaweza kusababisha injini kuzimika njiani, na hata gari kuungua.

Historia

Land Rover ya kwanza ilioneshwa hadharani mjini Amsterdam, Uholanzi, tarehe 30 Aprili 1948. Toleo la Series I lilifuatwa na Series II mwaka 1958, Series IIA mwaka 1961 na Series III mwaka 1971. Bodi yake ilitengenezwa kwa aloi ya alumini, lakini chesisi na paipu nyingi zilikuwa za feleji. Kwa hiyo ni kawaida kukuta gari lenye bodi nzima huku sehemu zilizo chini yake zimeoza kwa kutu.

Magari haya yalitumika sana katika Afrika ya Mashariki na polisi, idara za serikali, misheni, wakulima na hifadhi za wanyama. Katika miaka ya 1970 kilianzishwa pia kiwanda cha kuunganisha magari huko Thika, Kenya, na Land Rover zilikuwa miongoni mwa magari yaliyounganishwa huko.

Njia ya mafuta

Katika Land Rover fupi (inchi 88) tangi la mafuta liko chini ya kiti cha mbele. Katika gari refu la abiria (inchi 109) tangi liko nyuma, hivyo paipu yake ni ndefu zaidi na inahitaji kushikiliwa mahali pengi.

Katika injini ya petroli ya lita 2.25, pampu ya mafuta huendeshwa na shafti ya kemu ya injini yenyewe. Pampu hufyonza petroli kutoka kwenye tangi na kuisukuma hadi kwenye kabureta. Chini ya pampu nyingi za aina hii kuna bilauri ndogo ya kioo inayokusanya maji na uchafu.

Njia hii ina sehemu mbili ambazo hasara zake hazifanani:

- Upande wa kufyonza ni kutoka tangi hadi pampu. Ufa mdogo hapa huenda usivujishe hata tone moja wakati injini inafanya kazi, kwa sababu badala ya petroli kutoka, hewa huingia. Dalili zake ni injini kuwaka kwa shida asubuhi, kukosa nguvu mlimani au kuzimika. Mara nyingi pampu hulaumiwa na kubadilishwa bure.
- Upande wa kusukuma ni kutoka pampu hadi kabureta. Ufa hapa huvujisha petroli. Katika injini ya lita 2.25 kabureta iko upande mmoja na manifoldi ya moshi, juu yake. Petroli inayodondoka inaweza kufika moja kwa moja kwenye chuma chenye joto kali.

Uchaguzi wa paipu za chuma

Kanuni ya msingi ni kutumia paipu ya chuma katika safari yote ndefu, na mpira mfupi pale tu ambapo sehemu moja inacheza na nyingine imetulia. Injini imekaa juu ya mipira ya kuizuia isitikise gari, kwa hiyo husogea wakati chesisi imetulia. Paipu ngumu isiyo na kipande cha mpira kati ya chesisi na injini hatimaye hukatika.

Metali zinazotumika zaidi ni hizi:

- Feleji yenye mipako ya kuzuia kutu ni imara na ya bei nafuu, lakini mipako ikichubuka kutu huanza.
- Aloi ya shaba na nikeli haishiki kutu kwa urahisi na hukunjwa kwa mkono bila shida. Hupendwa na wakarabati wengi.
- Shaba tupu ni laini na rahisi kukunja, lakini mtikisiko wa miaka mingi huifanya iwe ngumu na kupasuka. Tena shaba huharakisha kuharibika kwa mafuta yanayokaa ndani yake muda mrefu.
- Chuma cha pua hudumu sana, ila ni kigumu kukunja na kupanua mdomo wake.

Kipimo cha nje cha paipu kuu katika magari mengi ya petroli ni inchi 5/16, yaani karibu milimita 8. Paipu ya zamani ipimwe kabla ya kutupwa, nayo itunzwe ili iwe kielelezo cha mikunjo. Nati za magari haya hufuata vipimo vya inchi. Nati ya milimita inaweza kuonekana kama inaingia, kumbe inakula meno ya kiungo.

Uchaguzi wa mipira

Mpira wa maji, wa hewa au wa plastiki angavu hautakiwi kutumika badala ya mpira wa mafuta hata kama unaenea vizuri. Mpira wa mafuta huandikwa kiwango chake ubavuni. Katika kiwango cha Marekani kiitwacho SAE J30, alama R6 na R7 ni za mifumo ya shinikizo dogo kama ya kabureta. Alama R9 ni ya mifumo ya injeksheni ya petroli, na mpira wake una utando wa ndani unaostahimili kemikali vizuri zaidi. Mpira usio na maandishi yoyote ni afadhali kuachwa dukani.

Suala la ethanoli limeongeza uzito wa uchaguzi huu. Nchi nyingi sasa huchanganya ethanoli katika petroli. Nchini Uingereza petroli ya E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10, ilikuwa petroli ya kawaida kuanzia Septemba 2021. Ethanoli hufyonza maji, huchochea kutu na hulainisha au kupasua mipira ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake. Mipira ya miaka ya 1960 haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Kwa sababu hiyo wakarabati wengi huchagua R9 hata kwenye gari la kabureta, ingawa shinikizo la pampu yake ni dogo sana.

Ufungaji

Kabla ya kazi, betri hufunguliwa na tangi hukaushwa. Paipu hukatwa kwa kikata paipu badala ya msumeno, kwa kuwa msumeno huacha vumbi la chuma linaloweza kuziba kabureta. Baada ya kukatwa, mdomo hulainishwa na paipu nzima hupulizwa kwa hewa.

Paipu hupitishwa kando ya chesisi, mbali na ekzosi na mahali panapopigwa na mawe. Hushikiliwa kwa klipu kila baada ya sentimita 30 hivi. Inapopita kwenye tundu la bati huvishwa pete ya mpira ili isisagike.

Mahali mpira unapovaa paipu, mwisho wa paipu unatakiwa kuwa na uvimbe mdogo unaozuia mpira kuchomoka. Klipu hukaa nyuma ya uvimbe huo. Klipu za skrubu zenye mikato kwenye mkanda hutafuna mpira laini. Zile zenye mkanda mzima usio na matundu ni bora. Klipu ikikazwa kupita kiasi hukata utando wa ndani, na kasoro hiyo haionekani kwa nje.

Injini za dizeli

Land Rover za dizeli zina pia paipu ya kurudisha kwenye tangi mafuta yasiyotumika. Paipu hiyo na ile ya kutoka tangini huweza kufungwa kwa kanuni zilizotajwa hapo juu.

Paipu fupi zinazotoka kwenye pampu ya injeksheni hadi kwenye nozeli ni jambo tofauti kabisa. Hubeba shinikizo la zaidi ya bar 100, na huwa za feleji nene. Hazirekebishwi kwa kulehemu wala kwa mpira. Hubadilishwa kwa paipu zilizotengenezwa kwa injini hiyo. Uvujaji wake usitafutwe kwa kidole, kwa sababu dizeli yenye shinikizo hilo hupenya ngozi na kuleta jeraha linalohitaji upasuaji wa haraka.

Majaribio na matunzo

Baada ya ufungaji, tangi hutiwa mafuta kidogo na viungo vyote hufutwa vikauke. Injini huwashwa, kisha kila kiungo hukaguliwa kwa karatasi kavu au kitambaa. Ukaguzi hurudiwa injini ikiwa ya moto, na tena baada ya safari fupi ya barabara mbovu. Kizima moto kinachofaa kwa mafuta hutakiwa kuwa karibu.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni na kukusanyika kwenye shimo la gereji, ambako cheche ndogo inatosha kuuwasha. Harufu ya petroli ndani ya gari lililokarabatiwa haichukuliwi kuwa jambo la kawaida la magari ya zamani. Ni dalili ya uvujaji. Mipira hukaguliwa kila mwaka na kubadilishwa ikianza kuwa migumu, kuvimba au kuonyesha nyufa.