Ghala Lenye Sauti

Neno la Kiingereza magazine lilianza maisha yake likiwa ghala. Asili yake ni Kiarabu, makhazin, yaani maghala. Waitaliano wakalifanya magazzino, Wafaransa magasin, na katika karne ya 16 likaingia Kiingereza kwa maana ya bohari ya bidhaa, hasa baruti na silaha. Kwa Mfaransa hadi leo ni duka. Kwa askari ni kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye bunduki. Nasi tunaye ndugu yake wa damu, hazina, kutoka mzizi uleule wa Kiarabu.

Mwaka 1731, jijini London, Edward Cave alianzisha The Gentleman's Magazine. Kila mwezi aliokota makala, habari na mashairi kutoka magazeti mengine akayaweka pamoja, hivyo jina la ghala lilimkaa vizuri. Lakini tazama kilichotokea humo. Bunge lilikuwa limepiga marufuku kuchapishwa kwa mijadala yake, basi Cave akaitoa kama habari za baraza la Lilliput, nchi ya kubuni ya Jonathan Swift. Samuel Johnson, ambaye kamusi yake mashuhuri ingetoka mwaka 1755, ndiye aliyeziandika hotuba nyingi kwa kutegemea vidokezo alivyoletewa. Ufasaha ule uliosifiwa na wasomaji ulikuwa wake, si wa wabunge. Ghala likawa na sauti.

Majarida ya Kiswahili yalijiita kwa mkondo mwingine kabisa: Msimulizi, Zanzibar, 1888, Kiongozi, Tanga, 1904, Mambo Leo, Dar es Salaam, 1923. Katika majina hayo yote mimi nalipenda Msimulizi, maana linamketisha msomaji barazani, ana kwa ana na mwenye habari.

Hata hivyo Mambo Leo, lenye jina lililofungwa kwenye siku yake, ndilo lililotunza kama ghala. Lilikuwa jarida la serikali ya kikoloni, na mengi yaliyomo yalisema kile serikali ilichotaka kisemwe. Kurasa za mashairi zilikuwa jambo jingine. Malenga wa pwani na wa bara walipeleka tungo zao. Huyu akiuliza kwa beti, yule humjibu kwa vina na mizani. Humo ndimo Shaaban Robert alimotoa mashairi yake kabla diwani zake hazijachapishwa.