Aliyeondoka WITCH Hakuisaliti Bendi

Kikundi cha muziki kikivunjika hapa kambini, lawama zote anabebeshwa aliyeondoka. Basi tuangalie Zambia, jirani wa Kongo na Tanzania.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vijana wa huko waliunda bendi ya roki, WITCH. Mwimbaji wao Emmanuel Chanda, aliyekulia Kitwe kwenye migodi ya shaba, alijulikana kama Jagari, jina lililotokana na Mick Jagger. Bendi ikapendwa sana, kumbi zikajaa.

Katikati ya miaka hiyo bei ya shaba ikaanguka. Nchi ilitegemea shaba, kwa hiyo hela ya kiingilio ikawa ngumu. Vita vya nchi jirani navyo vikaleta amri ya kutotembea usiku, ikabidi wapige mchana. Jagari akaacha bendi, akashika ualimu. Waliobaki wakageukia disko, mwisho wakanyamaza.

Ukimwi uliwachukua wenzake wengi. Ila yeye alirudi jukwaani, na mwaka 2023 WITCH ikatoa albamu mpya, Zango.

Sasa vijana, mwenzenu akipata shule au safari ya kuhamia nchi nyingine, msimwite msaliti. Muageni vizuri, na gitaa mlitunze.