Mtoto Mmoja, Masomo Mawili: Chuo na Shule Katika Pwani ya Kusini

Pita Ukunda au Msambweni alasiri ya siku ya shule, utapishana na watoto waliokwisha kubadili nguo. Sare za asubuhi zimevuliwa. Wavulana wamevaa kanzu na kofia, wasichana wamejitanda mitandio, na kila mmoja ana juzuu yake kwapani. Wanakwenda chuoni, yaani kwa mwalimu wa Kurani. Jua likizama watarudi nyumbani, wale, kisha wafungue madaftari ya hesabu. Siku ya mtoto wa Kwale, kaunti ya pwani ya kusini ya Kenya, ina waalimu wawili wanaoidai, na madai hayo yana umri wa karibu miaka mia moja.

Zamani siku yote ilikuwa ya mmoja, mwalimu wa dini. Dini yenyewe ni kongwe katika pwani hii: Msikiti wa Kongo ungali umesimama Diani, pale mto Mwachema unapoingia baharini, na Vumba Kuu na Wasini zilikuwa na masharifu wa Ba Alawi, wenye asili ya Hadhramaut, Yemen, karne kadhaa kabla ya Mwingereza kufika. Lakini katika vijiji vya Wadigo, nyuma ya ufuo, Uislamu ulienea hasa katika karne ya 19 na miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Mwanahistoria David Sperling, aliyeuchunguza uenezi huo kwa kina, anaonyesha kwamba haikuwa kazi ya watawala. Watawala wa ukoo wa Mazrui walihamia Gazi baada ya kuangushwa Mombasa mwaka 1837, na nguvu yao iliogopwa, ila kilichomfanya mtu wa kijijini asali na kufunga kilikuwa udugu, ndoa, biashara na mwalimu. Mwalimu huyo mara nyingi alikuwa mkulima kama jirani zake, mwenye mnazi wake na shamba lake la muhogo, isipokuwa yeye alijua kusoma.

Chuo chake kilikuwa baraza la nyumba yake, au kivuli cha mwembe. Watoto walikaa juu ya jamvi, wakubwa kwa wadogo pamoja, wala hakuna aliyemsubiri mwenziwe. Kila mtoto alikuwa na kibao chake cha mti, kalamu ya utete na wino wa masizi. Mwalimu humwandikia herufi chache. Mtoto huzisoma kwa sauti, huzirudia tena na tena, mpaka zimkae. Hapo kibao huoshwa, zikaandikwa nyingine. Huanza kwa hijai, kujua be ina nukta moja chini na te ina mbili juu. Halafu irabu, halafu kuunganisha, halafu Juzuu Amma kuanzia sura fupi za mwisho, na kwenda hivyo hadi msahafu mzima. Aliyehitimu alifanyiwa khitima, akavishwa vizuri na kutembezwa, na kijiji kizima kikala.

Mtu wa leo akisikia makelele ya watoto thelathini wakisoma kila mmoja sehemu yake, hudhani ni vurugu. Mimi naona ni utaratibu uliofikiriwa vizuri. Mwalimu mzoefu husikia kosa la mmoja katikati ya sauti za wote, na mtoto mwepesi hazuiwi na mzito. Wakubwa waliwasomesha wadogo, na kwa kusomesha wakakaza waliyoyajua. Kulikuwa pia na fimbo, tena kali, na watoto walichota maji, walileta kuni na kulima shamba la mwalimu badala ya ada. Wasichana walisoma na wavulana hadi wakaribie kuvunja ungo, kisha wengi wakaendelea ndani, kwa mwalimu mwanamke, au hawakuendelea kabisa.

Kibao kilitatua shida iliyowasumbua waalimu wa dini nyingi: vitabu ni vichache na watoto ni wengi. Ng'ambo ya bahari, huko huko Yemen walikotoka masharifu wetu, watoto wa Kiyahudi walisoma Torati kwa kukizunguka kitabu kimoja kilichowekwa katikati. Aliyekaa upande wa juu aliyaona maneno yamepinduka, akajizoeza kuyasoma vivyo hivyo, na wapo waliokua wakiweza kusoma kutoka upande wowote ule. Mtoto wa Diani hakuhitaji kujipinda hivyo. Alikuwa na ukurasa wake mwenyewe, uliofutika na kuandikwa upya kila siku.

Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilikuwa na shule Waa, na hapo ndipo mvutano wa saa ulipoanza. Wazazi wengi waliogopa. Shule, kwa walivyoijua, ilikuwa ya wamishonari; kumpeleka mwana huko ilikuwa kumpeleka akabatizwe. Vitabu vingi vimeandika kwamba Waislamu wa pwani walikataa elimu. Sikubaliani na maneno hayo. Mzazi aliyempeleka mwanawe chuoni tangu umri wa miaka mitano au sita, akalipa ada au kutoa nguvu ya mtoto shambani, hakuwa adui wa kusoma. Alichokataa ni kulazimishwa kuchagua.

Mombasa, aliyelisema hilo wazi kuliko wote ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891. Katika magazeti yake, Sahifa la mwaka 1930 na al-Islah la 1932, aliwahimiza Waislamu wasome elimu ya dunia bila kuiacha ya dini, wawasomeshe na wasichana, na wasome dini kwa kuielewa, si kwa kukariri tu. Alikuwa Kadhi Mkuu kuanzia 1937 hadi alipofariki 1947. Fikra hizo zilivuka feri ya Likoni polepole. Baada ya uhuru, madrasa zenye madarasa, ubao wa chaki, vitabu vya fiqhi na sira, na mitihani ya mwisho wa mwaka, zikaota kandokando ya barabara ya kwenda Lungalunga. Mwalimu akawa ustadhi.

Lakini saa hazikuongezeka. Chuo cha kale kilipumzika Alhamisi mchana na Ijumaa. Shule hupumzika Jumamosi na Jumapili. Shule ilipotwaa asubuhi, chuo kikasogea alasiri na mwisho wa wiki, na mtoto akabaki hana siku ya kucheza. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ukaongeza masomo na kurefusha siku. Hoteli za Diani nazo zilitaka Kiingereza na vyeti. Palipokuwa na mgongano, chuo ndicho kilichopunguziwa.

Jibu zuri kuliko yote lilitoka kwa waalimu wa watoto wadogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa pwani walimwomba Aga Khan, kiongozi wa Waislamu wa Ismailia, asaidie kuinua elimu ya watoto wao. Mwalimu wa Kiislamu, Bi Swafiya Said, akashika kazi hiyo, na mwaka 1986 chekechea ya kwanza ikafunguliwa katika madrasa ya Liwatoni, Mombasa. Mtoto alisoma Kurani na dua, akahesabu, akachora, akacheza, chini ya paa moja na kwa mwalimu mmoja. Vifaa vilitoka palepale: kombe za baharini, vifuu, vizibo vya chupa. Waalimu walikuwa hasa wasichana wa kijiji waliopewa mafunzo, na kamati ya wanakijiji ndiyo iliyoisimamia shule. Mpango ukaenea vijiji vya Kwale na Kilifi, ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda 1993, hadi nchi hizo tatu zikawa na chekechea zaidi ya 200 za namna hii. Asubuhi ya mtoto ikatosha kwa yote mawili.

Mpango huo haukugusa mshahara wa ustadhi wa alasiri. Tangu 2013 elimu ya chekechea iko mikononi mwa kaunti, na mwalimu wa shule ya msingi ya umma hulipwa na serikali. Ustadhi anayewapokea watoto walewale saa chache baadaye hutegemea ada ndogo za wazazi, ambazo msimu wa njaa au wa hoteli tupu hazilipwi. Wengi huuza dukani, hulima au huendesha bodaboda asubuhi ili waweze kusomesha jioni. Kaunti inayojisifu kwa kujenga madarasa ingeweza kuanza kwa kuwaorodhesha watu hawa, kijiji kwa kijiji, kutoka Ng'ombeni hadi Vanga, na kuwalipa.