Sonona isiyosikia dawa: hatua gani hufuata?

Wasikilizaji wetu wa Shinyanga na Geita huuliza: mgonjwa akimeza dawa za sonona na asipone, ndiyo basi? Hapana. Zipo hatua nyingine.

Kwanza tuangalie muda. Amitriptilini na fluoksetini si kama dawa ya kichwa. Huanza kusaidia baada ya wiki 2 hadi 4, na huenda zikahitaji wiki 6 au zaidi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2006, STAR*D, ulionyesha kuwa takriban mgonjwa 1 kati ya 3 tu ndiye aliyepata nafuu kamili kwa dawa ya kwanza. Sonona huitwa sugu pale dawa 2 tofauti, kila moja kwa dozi na muda wa kutosha, zinaposhindwa.

Pili, chanzo. Daktari huangalia upungufu wa damu, tezi ya shingo na pombe. Kwa wachimbaji wadogo kuna zebaki: mvuke wake wakati wa kuchoma dhahabu huweza kuleta kukosa usingizi, kutetemeka na mabadiliko ya hisia. Kama unachoma, mwambie daktari hata asipouliza.

Tatu, dawa. Daktari anaweza kupandisha dozi, kubadilisha dawa, au kuongeza ya pili, kama lithiamu au kwetiapini, pamoja na ushauri nasaha. Lithiamu huhitaji kupima damu mara kwa mara. Ukitoka jasho jingi duarani bila kunywa maji ya kutosha, huzidi mwilini na kuwa sumu.

Kwa hali nzito kuna tiba ya umeme, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi. Marekani pia iliidhinisha esketamini ya kupuliza puani mwaka 2019. Hutolewa mbele ya mhudumu wa afya tu.

Anza kituo cha afya au hospitali ya wilaya, uombe rufaa. Bugando, Mwanza, na Mirembe, Dodoma, wana madaktari wa afya ya akili.

Usiache dawa ghafla. Vidonge vya usingizi vya dukani haviponyi sonona. Amitriptilini nyingi kwa mara moja huua, hivyo ndugu azitunze na kumpa mgonjwa kidogo kidogo. Na anayesema amechoka kuishi asiachwe peke yake: mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.