Namungo, Ndanda na Nauli ya Basi

Tarehe 8 Julai 2020 nilifika uwanjani kabla ya saa sita mchana, na bado nikakuta watu wamenitangulia. Siku hiyo Simba walikuwa wanakabidhiwa kombe la ubingwa wa Tanzania Bara, la tatu mfululizo, na kwa bahati ya ratiba walikuwa wanakabidhiwa hapa kwetu Ruangwa, katika Uwanja wa Majaliwa, baada ya kucheza na Namungo. Ndugu msomaji ambaye hujapata kufika Ruangwa huenda usione ajabu yake. Mimi nimekulia hapa wakati mtu akitaka jambo la maana, iwe ni dawa, barua ya serikali au jozi ya viatu vya mpira, alikwenda Nachingwea. Ruangwa ilikuwa mahali pa kutoka, si mahali pa kuletewa kombe.

Nilikuwa nimevaa fulana nyekundu. Nilizaliwa katika nyumba ya Simba, na marehemu baba alikuwa na Simba tangu ilipokuwa ikiitwa Sunderland, kabla ya kubadili jina mwaka 1971. Nilikuwa nimefuatana na mjukuu wangu wa miaka minane. Alitazama uwanja ulivyojaa nyekundu, akawatazama vijana wa Namungo wakipasha misuli moto, kisha akaniuliza, "Babu, leo sisi ni nani?"

Nikamwambia atazame mpira. Mchezo ukaisha bila bao, nami nikashukuru, maana sikulazimika kujibu.

Wiki chache baadaye ligi ikafika mwisho. Ilikuwa imesimama tangu Machi kwa sababu ya korona, ikarudi tena Juni. Namungo, timu iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019 tu, ikamaliza ya nne, nyuma ya Simba, Yanga na Azam. Ndanda ya Mtwara, ambayo kwa miaka sita ilikuwa ndiyo timu yetu ya Kusini, ikashuka daraja. Jioni ile ile simu yangu ikalia. Alikuwa shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, mkulima wa korosho anayeishi Mtwara. Mtwara kuchele, wao husema, yaani kumekucha. Nikamwambia, "Shemeji, kuchele au ndiyo kwanza kunakuchwa?" Nilitazamia anitukane kama ilivyo kawaida yetu. Hakutukana. Alisema, "Cheka tu, Mwalimu. Sisi tulikufa kwa nauli. Ninyi nauli yenu anayo mtu mmoja. Mwombeeni uzima." Kisha akaniuliza habari za dada yake.

Neno lile limenikaa kwa miaka, na ndilo lililonifanya nianze kuandika katika daftari habari za timu hizi mbili.

Kwanza majina. Ndanda si Mtwara. Ndanda ni pale penye misheni ya Wabenediktini, njia ya kwenda Masasi, lakini timu iliweka makao Mtwara mjini na kucheza katika Uwanja wa Nangwanda Sijaona. Namungo nayo si Ruangwa mjini. Ni mahali pa machimbo, ndani ya wilaya yetu, panapojulikana kwa wachimbaji wadogo. Kwa hiyo timu zote mbili zilichukua jina la mahali padogo na kwenda nalo mbali. Napenda jambo hilo. Kabla yao Kusini tulikuwa na Bandari ya Mtwara na Kariakoo ya Lindi, majina ambayo kijana wa leo ukimtajia hudhani unamzungumzia gati na soko.

Ndanda ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014. Wakati ule Mtwara ilikuwa ikizungumzwa nchi nzima kwa ajili ya gesi. Mwaka 2013 watu walikuwa wameandamana kupinga bomba la kuipeleka gesi hiyo Dar es Salaam, na damu ilimwagika. Sitaki kuyarudia hayo hapa, ila nasema kwamba timu ilipopanda mwaka uliofuata, shemeji yangu aliiona kama kitu ambacho hakitapelekwa Dar es Salaam kwa bomba. Simba na Yanga sasa wangelazimika kuja wao. Nami nilikwenda mara mbili kutazama, nikilala kwake sebuleni, na nilishangilia Ndanda kwa moyo mweupe, isipokuwa siku ya Simba.

Sasa fikiri habari ya nauli. Mtu wa Dar es Salaam akisema "mechi ya ugenini" haoni uzito wa neno hilo, maana mechi zake kadhaa za ugenini huchezwa mwendo wa daladala. Timu ya Mtwara kwenda Bukoba inakatiza nchi kutoka pembe ya Msumbiji hadi pembe ya Uganda. Ni siku mbili za basi na zaidi, wachezaji wamekunja magoti, halafu kuna chakula, malazi na maji ya kunywa kwa watu thelathini, kisha kurudi. Msimu wa 2018/19 ligi nzima ilichezwa bila mdhamini mkuu, kwa kuwa mkataba wa Vodacom ulikuwa umekwisha. Timu zenye tajiri ziliendelea kula. Nyingine zilipitisha bakuli.

Na bakuli la Mtwara hujazwa na korosho. Mwaka 2018, mwezi Novemba, baada ya wakulima kuzigomea bei za wafanyabiashara, serikali ilitangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaja kusomba. Bei ilikuwa nzuri. Malipo ya wengi, shemeji yangu akiwamo, yalikawia. Mwaka ule aliacha kwenda uwanjani, si kwa hasira, bali kwa kuwa fedha ya kiingilio ilikuwa ndiyo fedha ya unga. Sisemi kwamba korosho ndizo zilizoishusha Ndanda. Nasema kwamba timu inayotegemea mifuko ya watu elfu huumwa siku ambayo watu elfu wanaumwa.

Namungo haikutegemea mifuko ya watu elfu. Hapa lazima nitaje jina, wala si siri. Kassim Majaliwa alikuwa mbunge wetu tangu mwaka 2010, na Novemba 2015 akawa Waziri Mkuu. Alikuwa mlezi wa timu, na uwanja una jina lake. Mlezi anapokuwa Waziri Mkuu, milango hufunguka kabla hujabisha hodi. Kocha alikuja kutoka Rwanda, Hitimana Thierry. Wachezaji walikuja ambao zamani wasingeijua Ruangwa hata kwenye ramani. Mimi nilifundisha jiografia, na nakiri kwamba hata ramani za darasani kwangu hazikuwa na Ruangwa.

Wenzetu wa Nachingwea huumia kidogo wakisikia haya, na nawaelewa. Kama mji ungepata timu kwa urithi wa mambo makubwa, basi ni wao. Waingereza walikuja kulima karanga huko baada ya Vita Kuu ya Pili, wakaleta matrekta, wakajenga reli kutoka Mtwara, na mwaka 1951 mpango wote ukavunjika. Reli yenyewe iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kisha FRELIMO wakaweka kambi yao, na Samora Machel akawafundisha wapiganaji wake katika ardhi ile. Wana chuo cha ualimu. Wana uwanja wa ndege. Nilipokuwa kijana tulikuwa chini yao kiwilaya, tukienda kucheza nao na kurudi tumefungwa, mara nyingi kwa haki. Lakini Ligi Kuu imekuja Ruangwa, na sababu si kwamba sisi tunajua mpira kuliko wao. Sababu nimekwisha kuitaja.

Nirudi kwenye daftari, kwa kuwa lina ukurasa mmoja ambao ulinikosesha usingizi.

Agosti 2, 2020, Namungo ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho mjini Sumbawanga, ikafungwa na Simba 2-1. Nilipokuwa naandika matokeo hayo nikataka kujua ni nani waliofungwa katika fainali za nyuma. Mwaka 2017, Mbao ya Mwanza ilifungwa na Simba pale Dodoma, 2-1. Mwaka 2018, Singida United ilifungwa na Mtibwa Sugar pale Arusha, 3-2. Mwaka 2019, Lipuli ya Iringa ilifungwa na Azam 1-0, na fainali hiyo niliiona kwa macho yangu, maana ilichezwa Lindi, Uwanja wa Ilulu. Nilimwona kijana mmoja wa Lipuli amelala kifudifudi kwenye nyasi baada ya filimbi, na wenzake wakimruka.

Mbao, Singida United, Lipuli. Zote tatu zilishuka mwaka 2020, pamoja na Ndanda na Alliance.

Mtu mwenye imani za kichawi angesema kombe lile lina mkosi. Mimi nadhani jambo ni jepesi zaidi na baya zaidi. Timu ndogo hupata mtu au kampuni ya kuibeba, hupanda haraka, hufika fainali ambayo wakubwa wanaishinda, na safari ile ya fainali ndiyo hugharimu akiba yote. Kisha mbebaji huchoka, au huhamishwa, au hupata mambo mengine. Timu iliyofunzwa kubebwa haijui kutembea. Na sasa katika orodha ile nilikuwa nimeandika jina la nne kwa mkono wangu mwenyewe: Namungo.

Haikushuka. Badala yake ilikwenda Afrika. Kwa kuwa Simba walikuwa wa Ligi ya Mabingwa, nafasi ya Kombe la Shirikisho la Afrika ilikuwa yetu. Tuliwatoa Al Rabita wa Sudan Kusini, tukawatoa Hilal Obeid wa Sudan. Februari 2021 timu ikasafiri hadi Angola kucheza na Primeiro de Agosto, na kule baadhi ya watu wa msafara wakaambiwa wana korona, wakawekwa karantini, na mchezo ukafutwa. CAF ikaamua michezo yote miwili ichezwe Dar es Salaam. Tukashinda wa kwanza 6-2, tukafungwa wa pili 3-1, tukapita kwa jumla ya 7-5. Katika makundi tukakutana na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana, na hatukupata pointi hata moja.

Wananchi wa Ruangwa hawakuiona michezo hiyo uwanjani kwao. Nyumbani kwetu katika Afrika kulikuwa Dar es Salaam, na sisi tulikaa kwenye vibanda vya televisheni, tukishangilia nyumbani kwetu kulikochezwa mbali na nyumbani.

Mei 2021 jambo jingine likatokea ambalo halikupigiwa vigelegele huku kwetu, ingawa naona lilistahili kuliko safari ya Angola. Shirikisho la mpira na Azam Media walitia saini mkataba wa miaka kumi wa haki za televisheni, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Kila timu ya Ligi Kuu ikawa na fungu lake la uhakika. Kwa Simba na Yanga fedha hiyo ni kitoweo. Kwa timu ya Ruangwa ni nauli. Ndanda ilishuka mwaka mmoja tu kabla ya fungu hilo. Nilipompa shemeji hesabu hiyo kwa simu, alinyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo tulizama mashua ikiwa inakuja."

Namungo imekuwamo tangu hapo. Hadi msimu wa 2024/25 ulipokwisha haikuwa imeshuka, ingawa ile nafasi ya nne haikuwa desturi. Na mwaka 2025 lile neno la shemeji likatimia, si kwa msiba, namshukuru Mungu. Majaliwa hakugombea tena ubunge wa Ruangwa, na Novemba mwaka huo nchi ikapata Waziri Mkuu mwingine, Mwigulu Nchemba, anayetoka Singida. Sitasahau kwamba ile Singida United iliyomo katika orodha yangu ilikuwa ikihusishwa na yeye. Mpira wetu una kumbukumbu ya ajabu.

Uwanja ungali pale na jina lake. Mimi ninakwenda kila nikijaliwa, hasa siku ambazo Simba na Yanga hazipo. Siku hizo ndizo za kujua hali. Jukwaa linakuwa na nafasi za kutosha, mtu anaweza kunyoosha miguu, na ukipiga kelele unamsikia mchezaji akikujibu. Mjukuu wangu sasa ni kijana, hukaa na wenzake, hataki kuonekana na babu. Mara ya mwisho Simba walipokuja alitoka nyumbani amevaa fulana ya Namungo. Hakuniuliza mimi ni nani siku hiyo. Alinitazama tu ile nyekundu yangu, akatangulia mbele.

Juzi shemeji alipiga simu. Anataka kuja kutazama mechi, lakini si ya wakubwa. Nimchagulie timu yoyote ya mbali, iliyokuja kwa basi. Akaniuliza kiingilio ni shilingi ngapi. Nikamwambia aache, nitamlipia. Akakataa katakata. Alisema amekwisha kuona timu ikifa kwa watu kulipiwa, na kwamba atalipa mwenyewe mlangoni, nami nilipe yangu.